Nani Aliyeliamuru Figo Likue?

Katika zile nyakati za usiku ambapo ndege za Wajerumani zilikuwa zikiangusha mabomu juu ya mji wa London, matabibu wa Kiingereza walianza kuona mauti ya namna ambayo vitabu vyao havikuwa vimewafundisha. Mtu alifukuliwa kutoka chini ya kifusi cha nyumba yake baada ya kukaa humo saa nyingi, paja lake likiwa limebanwa na boriti. Akaletwa hospitali akiwa na fahamu zake timamu, akizungumza na kuomba maji, na jamaa zake wakimshukuru Mungu kwa kuokoka kwake. Kisha mkojo wake ukapungua siku hata siku, rangi yake ikaiva ikawa nyeusi, ukakoma, naye akafariki juma likiwa halijatimia au limepita kidogo tu. Mwaka 1941 Bywaters na Beall waliandika habari za wagonjwa wa namna hiyo, na maana ya habari zao ilikuwa dhahiri: kilichobanwa kilikuwa mguu, lakini kilichoua kilikuwa figo.

Kadhia hiyo ilimgusa sana Profesa John Shaw Dunn, mwalimu wa elimu ya maradhi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye alitaka kujua ni kwa njia gani mifereji midogo ya figo hufa ghafula namna ile. Pamoja na wenzake wawili, Harold Sheehan na Norman McLetchie, alianza kuwapiga sungura sindano za dutu mbalimbali zenye udugu na asidi ya mkojo, na miongoni mwa dutu hizo ilikuwamo aloksani, ambayo wanakemia waliijua tangu karne ya 19 bila ya kumtia mtu yeyote wasiwasi. Sungura walikufa, na walipopasuliwa mafigo yao yalitazamwa kwa makini yote. Lakini msiba mkubwa haukuwa humo. Ulikuwa katika kongosho, katika vile visiwa vidogo vya seli ambavyo mwanafunzi wa Berlin, Paul Langerhans, alikuwa amevieleza mwaka 1869 bila ya kujua kazi yake. Visiwa vilikuwa vimekufa, na tishu iliyovizunguka ilikuwa hai. Baadaye ilifahamika kuwa baada ya sindano ile sukari ya damu hupanda, kisha huanguka kwa kishindo kwa sababu seli zinazokufa humwaga kwa mkupuo mmoja insulini yote zilizokuwa nayo, kisha hupanda tena isishuke. Mnyama aliyevuka siku hizo akabaki hai huwa na kisukari.

Habari hizo zilichapishwa mwaka 1943, na mwaka uliofuata Dunn alikufa. Sidhani kama aliwahi kujua ukubwa wa mlango alioufungua. Kabla yake, aliyetaka mnyama mwenye kisukari ilimpasa amkate kongosho lote kwa kisu, kama walivyofanya Oskar Minkowski na Joseph von Mering kwa mbwa wao mjini Strasbourg mwaka 1889, kazi iliyotaka mkono wa bingwa na ambayo wanyama wengi hawakuivuka. Baada yake, sindano moja ilitosha. Dunn na wenzake walikwenda kutafuta figo wakapata kisukari. Na maulamaa waliokuja nyuma yao wakakichukua kisukari hicho, wakarudi nacho kwenye figo.

Ilikuwa sharti warudi, kwa sababu ugonjwa wa figo wa wenye kisukari ulikuwa jambo jipya kwa namna fulani. Kabla ya Januari 1922, wakati kijana Leonard Thompson alipopigwa sindano ya kwanza ya insulini mjini Toronto, watoto na vijana waliopatwa na kisukari kikali walikufa kwa njaa ya mwili na sumu ya damu, aghalabu katika mwaka mmoja au miwili, na mafigo yao hayakupata muda wa kuharibika. Insulini iliwapa miaka, na katika miaka hiyo yakajitokeza mambo ambayo kifo cha mapema kilikuwa kimeyafunika. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel, aliyezaliwa Hamburg na kuihama Ujerumani baada ya Manazi kushika dola, akishirikiana mjini Boston na Mwingereza Clifford Wilson, alitangaza habari za maiti wachache ambao ndani ya mafigo yao vilionekana vinundu vya mviringo, vigumu, visivyo na uhai, vimekaa katikati ya vichujio vya damu mithili ya shanga zilizokwama kooni. Wengi wa watu hao walikuwa na kisukari. Vinundu hivyo vinaitwa kwa majina ya mabwana hao wawili mpaka leo.

Hapa yafaa nisimame kidogo niieleze kazi ya figo, maana asiyeijua hataona ajabu ya mambo yanayofuata. Kila figo la mwanadamu lina takriban vichujio milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba sana ya damu lililofungwa ndani ya kikombe. Damu hupita humo kwa shinikizo, maji na chumvi na sukari hupenya, protini na seli hubaki nyuma. Kiasi cha lita 180 huchujwa kwa siku moja, ilhali mkojo wa mtu ni lita moja na nusu au mbili. Yote yaliyobaki hurudishwa katika damu na mifereji mirefu inayotoka kwenye vikombe hivyo, na sukari yote kwa mtu mzima wa afya huokolewa pasipotee hata chembe. Katikati ya mishipa ya kila fundo ipo tishu inayoishika isisambae, nayo inaitwa mesanjiamu. Tishu hiyo ndiyo inayovimba katika kisukari, ikajaza nafasi, ikaibana mishipa, mpaka damu ikakosa njia na kichujio kikafa.

Basi mtu angetazamia kuwa figo linaloelekea kufa lingeanza kwa kunyauka. Mambo si hivyo. Figo la mwenye kisukari, mwanzoni kabisa, hukua. Ni kama mabaharia wa chombo kinachovuja: maji ya ngama yanapozidi, wao huzidisha kuyakumba, mikono na mabega yao yakatutumka kwa kazi, na mtu akiwatazama kutoka pwani atasema hawa ni watu wenye nguvu kuliko wote baharini, asijue kwamba nguvu hiyo ndiyo dalili ya hatari. Mwaka 1973, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, Carl Erik Mogensen na mwenzake Andersen waliyapima mafigo ya vijana ambao kisukari chao kilikuwa kimegunduliwa karibuni, wakayakuta ni makubwa kuliko ya vijana wenzao wa afya, na yanachuja damu kwa wingi kupita kiasi. Hakuna tabibu ambaye angewaita vijana hao wagonjwa wa figo. Mogensen ndiye pia ambaye mwaka 1984 alionyesha kuwa kiasi kidogo mno cha albumini, protini ya damu, katika mkojo, kisichoonekana kwa vipimo vya kawaida vya wakati ule, hutokea mbali kabla ya ugonjwa wenyewe kujidhihirisha.

Aarhus ni mji ambao historia hii haiwezi kuupita. Chini ya Knud Lundbæk, tabibu mwenye fikira pana, palikusanyika watu waliokuwa tayari kutumia miaka yao kupima vitu vidogo: unene wa utando wa vichujio kwa darubini ya elektroni, kazi aliyoifanya Ruth Østerby kwa subira ya mfua dhahabu, na uzito wa figo la panya, kazi ya Seyer-Hansen. Panya hao walipewa kisukari si kwa aloksani tena bali kwa streptozotosini, dutu iliyopatikana katika vijidudu vya udongo wa mji mdogo wa Blue Rapids, Kansas, na ambayo mwaka 1963 Rakieten na wenzake walionyesha kuwa huwapa mbwa na panya kisukari. Dutu hiyo ina kipande cha sukari mwilini mwake, na kwa hila hiyo huingia katika seli za insulini kama mgeni anayefahamika, kisha huziua kutoka ndani. Seyer-Hansen aliwapima panya siku baada ya siku, na akaona jambo ambalo mimi kila nikilisoma hunishtua: siku chache tu baada ya sindano, mafigo yao yalikuwa yamekwisha kuongezeka uzito kwa kiasi kinachopimika. Si miezi, si majuma. Mwili wa mnyama ulikuwa bado haujazoea kiu yake, nalo figo limekwisha kupokea amri ya kukua.

Palikuwa na shaka, na shaka ilikuwa ya haki. Je, ikiwa streptozotosini yenyewe ndiyo inayolidhuru figo, na kisukari hakina hatia? Mlango ule ule unaoipitisha dutu hiyo katika kongosho upo pia katika ini na katika mifereji ya figo. Jibu lilikuja kwa njia mbili. Huko Aarhus, Seyer-Hansen na kisha Ruth Rasch waliwapa panya insulini kwa uangalifu mkubwa mpaka sukari yao ikawa karibu na ya kawaida. Panya walikuwa wamepigwa sindano ile ile ya sumu, lakini mafigo yao hayakwenda njia ya wenzao. Na huko Minneapolis, Michael Mauer na wenzake katika miaka ya 1970 walifanya lililo gumu zaidi: walichukua mafigo ya panya wenye afya wakayapandikiza katika panya wenye kisukari, na mafigo hayo yakapatwa na ugonjwa, wakachukua mafigo ya panya wenye kisukari wakayapandikiza katika panya wazima, na uharibifu wa mesanjiamu ukaanza kurudi nyuma. Kosa halikuwa la figo. Lilikuwa la nyumba lililokaa.

Swali lililobaki ndilo lililowatesa watu kwa miaka iliyofuata: nani aliyeliamuru figo likue? Sukari yenyewe haitoi amri. Sukari ni chakula. Palihitajiwa mjumbe.

Watu wa Aarhus walikuwa na mshtakiwa wao tangu zamani, na ili kumfahamu hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tena kwa njia inayompitia mtu tuliyekwisha kumtaja. Katika mji wa Buenos Aires, Bernardo Houssay alikuwa amegundua kuwa mbwa aliyekatwa kongosho, ambaye angekufa kwa kisukari, hupata nafuu kubwa akikatwa pia tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo na kubwa kidogo kuliko punje ya choroko. Habari hizo zilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1947, miaka minne baada ya serikali ya nchi yake kumwondoa chuoni kwa sababu aliweka sahihi yake katika tangazo la kudai demokrasia. Kwa upande mwingine, Harold Sheehan, yule yule wa sungura wa Glasgow, alikuwa ameonyesha mwaka 1937 kuwa mama aliyepoteza damu nyingi mno wakati wa kujifungua huweza kufiwa na tezi hiyo, akabaki hai lakini dhaifu, asiye na maziwa wala hedhi. Mwaka 1953 tabibu wa Denmark aitwaye Poulsen alieleza habari za mama mwenye kisukari aliyepatwa na msiba huo wa uzazi, na ambaye macho yake, yaliyokuwa yakiharibika kwa kisukari, yalianza kupona baada ya tezi yake kufa. Sheehan hakukusudia kuiunganisha pituitari na kisukari, kama Dunn asivyokusudia kukipata kisukari katika figo. Walakini majina yao hayatenganiki na historia hii. Lundbæk akalishika jambo hilo, akalijengea nadharia: homoni ya ukuaji itokayo katika pituitari ndiyo inayoharibu mishipa ya wenye kisukari. Baadhi ya wagonjwa katika miaka ya 1950 walikatwa tezi hiyo ili kuokoa macho yao, nao walilipa gharama kubwa kwa nuru hiyo kidogo, maana mtu asiye na pituitari hupoteza pamoja nayo mambo mengi ya mwili wake.

Homoni ya ukuaji, hata hivyo, haifanyi kazi yake yote kwa mkono wake. Tangu Salmon na Daughaday walipofanya majaribio yao St. Louis mwaka 1957 ilijulikana kuwa kuna wakala katika damu anayeipokea amri na kuitekeleza, na mwaka 1978 Rinderknecht na Humbel wa Zürich walikamilisha mpangilio wa viungo vya wakala huyo, wakamkuta anafanana na insulini kiasi cha kustaajabisha. Jina lake likawa kichocheo cha ukuaji kifananacho na insulini, au kwa herufi zake IGF-I. Na hapa ndipo neno hili la vichocheo vya ukuaji linapoingia katika kisa chetu kwa ukamilifu wake: ni protini ambazo seli moja huzitoa ili kuiamuru nyingine, au kujiamuru yenyewe, ikue, igawanyike, ijenge tishu, au iache kujenga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Allan Flyvbjerg, kijana wa shule ile ile ya Aarhus, alipima IGF-I ndani ya mafigo ya panya mara tu baada ya kuwapa kisukari. Aliikuta inapanda katika siku moja au mbili za mwanzo, yaani kabla ya uzito wa figo kuongezeka, kisha inashuka kana kwamba mjumbe amekwisha kufikisha barua yake na kuondoka. Mwaka 1989 yeye na wenzake waliwapa panya dawa ya jamii ya somatostatini, inayozuia homoni ya ukuaji. IGF-I ya figo haikupanda, na figo halikukua, ingawa sukari ya panya ilibaki juu vile vile. Hilo lilikuwa tukio kubwa. Kwa mara ya kwanza kisukari kilitenganishwa na ukuaji wa figo kwa dawa isiyoigusa sukari.

Ithibati nyingine ilitoka Ohio. John Kopchick na wenzake walikuwa wameumba vipanya wenye homoni ya ukuaji iliyobadilishwa kidogo, inayokaa katika mlango wa homoni ya kweli bila ya kuufungua. Mwaka 1995 waliwapa kisukari vipanya hao pamoja na vipanya wa kawaida. Wa kawaida walipatwa na ugumu wa vichujio. Wale waliokuwa na kizuizi walihifadhika. Kutoka katika kazi hiyo ilizaliwa dawa inayotibu maradhi mengine, ya watu ambao viungo vyao hukua kupita kiasi kwa uvimbe wa pituitari.

Lakini IGF-I ilieleza mwanzo, haikueleza mwisho. Figo lililokua si lazima life. Mtu aliyetoa figo lake moja kwa nduguye hubaki na jingine linalokua, naye akaishi nalo maisha marefu. Kuna jambo la pili linalotokea katika kisukari, nalo ni kule kovu kujijenga pasipo na jeraha. Mshtakiwa wa jambo hili ni kichocheo kiitwacho TGF-beta, ambacho Anita Roberts na Michael Sporn walikichunguza kwa kina huko Bethesda katika miaka ya 1980. Ni kichocheo chenye sura mbili: huziamuru seli nyingi ziache kugawanyika, na papo hapo huziamuru zijenge kolajeni na tishu nyingine za kuunganisha. Seli inayoambiwa usigawanyike, na inayosukumwa wakati huo huo na vyakula vingi na amri za kukua, huvimba pale pale ilipo. Hicho ndicho kilichoonekana katika mafigo ya panya wenye kisukari: seli zimenenepa, na zimezungukwa na ujenzi usiotakiwa na mtu.

Mwaka 1990 Wayne Border, aliyekuwa Salt Lake City, alionyesha kuwa panya mwenye ugonjwa mwingine wa vichujio akipewa kingamwili dhidi ya TGF-beta, kovu hupungua. Mwaka 1993 Yamamoto na wenzake, akiwamo Border, wakaikuta TGF-beta imezidi katika vichujio vya panya wenye kisukari na katika vipande vya mafigo ya watu wenye ugonjwa huo, jambo ambalo ni nadra katika elimu hii, mnyama na mwanadamu kutoa shahada moja. Kisha ikaja kazi ya Fuad Ziyadeh na wenzake wa Philadelphia, ambaye baadaye alirejea kufundisha Beirut: mwaka 1996, kinga hiyo ilipunguza ukuaji wa figo katika vipanya waliopewa streptozotosini, na mwaka 2000, kwa vipanya wanene wenye kisukari cha kurithi, kizazi kilichogunduliwa mwaka 1966 katika maabara ya Bar Harbor huko Maine, majuma 8 ya matibabu yaliizuia mesanjiamu isitanuke na kuliokoa figo lisishindwe na kazi yake. Sitaficha kuwa jambo moja katika majaribio hayo halikurekebika: albumini iliendelea kuvuja katika mkojo. Wakati ule furaha ilikuwa kubwa, na wengi waliona kuwa uvujaji huo ni kadhia ndogo itakayotatuliwa baadaye.

Palikuwapo pia vichocheo vingine, nami navipitia upesi. Kile kinachochochea mishipa ya damu, VEGF, kilizuiwa kwa panya wenye kisukari mwaka 2001 na kwa vipanya mwaka 2002, na safari hii albumini ilipungua. Lakini baadaye watu waliopewa dawa za kukizuia kwa ajili ya saratani walipatwa wengine na ugonjwa mkali wa vichujio, ikafahamika kuwa figo zima linakihitaji kichocheo hicho kila siku ya uhai wake.

Fundisho kama hilo lilikuwa limekwisha kutolewa kuhusu TGF-beta pia, ila halikupewa uzito wake. Mwaka 1992 walizaliwa vipanya wasio na kichocheo hicho hata kidogo, na waliishi majuma machache tu, wakafa kwa uvimbe uliowashika karibu kila kiungo. Huyu tuliyemshtaki kwa kujenga makovu ndiye pia mlinzi wa amani ya mwili.

Hatima ya kinga ile kwa wanadamu ilitangazwa mwaka 2017. Wagonjwa zaidi ya 400 wa kisukari wenye figo lililoanza kuharibika waligawanywa, wengine wakapewa kinga dhidi ya TGF-beta na wengine sindano tupu, wote wakiendelea na dawa zao za kawaida. Jaribio lilikomeshwa kabla ya muda wake, kwa sababu hapakuonekana faida. Nimesoma maelezo mengi ya sababu zake. Wako wanaosema dawa ilitolewa kwa kuchelewa, kovu likiwa limekwisha kukomaa, ilhali vipanya walitibiwa mapema. Wako wanaosema kinga haikufika ndani ya figo kwa kiasi cha kutosha. Mimi naona neno zito zaidi ni lile la wanyama wenyewe. Kipanya huishi miaka miwili hivi, na ugonjwa wa figo wa mtu huchukua miaka 15 au 20 kuiva. Vipanya na panya wengi wa maabara hupata mwanzo wa ugonjwa na katikati yake, lakini ni wachache mno wanaofikia vinundu vya Kimmelstiel na Wilson, na wachache zaidi wanaofikia kufa kwa figo. Hata homoni ya ukuaji, ambayo yote haya yalianza nayo, hupungua katika damu ya panya mwenye kisukari na huzidi katika damu ya mtu. Panya walikuwa mashahidi wa kweli kwa walichokiona. Hawakuona mwisho wa kesi, wala hatuna haki ya kuwatwisha ushahidi ambao umri wao haukuwapa nafasi ya kuupata.

Na ikiwa kuna haki yoyote tunayowawia viumbe hao, maelfu kwa maelfu waliotiwa kiu ya kisukari bila ya kosa, ya kwanza ni kusoma sawasawa walichotuambia. Maana walikuwa wametuambia neno jingine pia. Mjini Boston, Hostetter na Brenner walitumia panya wa kizazi cha Munich-Wistar, ambao vichujio vyao vingine vimekaa juu kabisa ya ngozi ya figo, mtu akaweza kuvichoma kwa sindano ya kioo na kupima shinikizo ndani yake. Mwaka 1981 walionyesha kuwa katika kisukari shinikizo hilo hupanda, na mwaka 1986 Zatz na Brenner walionyesha kuwa dawa inayoizuia angiotensini, homoni inayoibana mishipa ya damu, hulishusha na kuvihifadhi vichujio. Mwaka 1993 kaptoprili, dawa ya jamii hiyo, ilipunguza kwa takriban nusu hatari ya figo kudhoofika kwa wagonjwa 409 wa kisukari wanaotegemea insulini. Angiotensini, kwa hakika, ni miongoni mwa wale wanaoiamsha TGF-beta. Kwa hiyo dawa hizi zilikuwa zikimtuliza kidogo, kwa mlango wa nyuma, yule ambaye kinga ya moja kwa moja haikumweza.

Kisha kule San Diego, Scott Thomson na wenzake wakaligeuza swali juu chini. Waliuliza: huenda si vichujio vinavyoanza, bali mifereji? Sukari inapozidi, mifereji hukua ili kuiokoa, na pamoja nayo hunyonya chumvi nyingi. Chumvi inayofika mwisho wa mfereji inapungua. Na kwa kuwa kichujio huongozwa na hesabu ya chumvi hiyo, hudhani mwili umekauka, kikafungua njia ya damu na kuchuja zaidi. Mwaka 2001 waliuzuia ukuaji wa mifereji ya panya kwa eflonithini, na uchujaji wa kupita kiasi nao ukapungua. Msomaji wa Kongo au wa kaskazini ya Uganda huenda akalitambua jina hilo, kwa maana dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikitundikwa mishipani mwa wagonjwa wa malale waliokwisha kupotewa na akili.

Kwa hiyo, jibu la swali letu lilikuwa limeanza kuhama. Vichocheo ndivyo vilivyoipeleka amri, lakini aliyeitoa alikuwa ni ule mzigo wa sukari mlangoni mwa mfereji. Ikiwa ni hivyo, mfereji ungezuiwa usiibebe sukari hiyo, nayo ikaachwa ipite na mkojo. Dawa za namna hiyo zilipatikana, na mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya kanagliflozini kwa wagonjwa 4,401 wa kisukari wenye ugonjwa wa figo. Jaribio hili nalo lilikomeshwa kabla ya muda wake, ila kwa sababu iliyo kinyume cha ile ya 2017: hatari ya figo kuangamia, au kudhoofika vibaya, au mgonjwa kufa kwa figo au moyo, ilikuwa imepungua kwa asilimia 30. Katika majuma ya mwanzo ya dawa hiyo kipimo cha uchujaji hushuka kidogo, na tabibu asiyeizoea huweza kuingiwa na hofu; lakini ndiko kule kupumzika kwa mabaharia, ambao kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi wameruhusiwa kukumba maji kwa kadiri ya mikono yao.

Mzizi wa dawa hizo ni florizini, dutu chungu iliyotolewa katika gome la mizizi ya mtufaha mwaka 1835. Aliyekuwa wa kwanza kuwapa mbwa dutu hiyo na kuona mkojo wao ukijaa sukari alikuwa Joseph von Mering, katika mwaka 1886. Aliona kuwa amepata njia ya kuwatia wanyama kisukari, ingawa damu yao haikuwa na sukari ya kuzidi; akaandika habari zake, na miaka mitatu baadaye, akiwa Strasbourg pamoja na Minkowski, wakamlaza mbwa mezani wakamkata kongosho.